Tupeane uzoefu: pombe za kienyeji zilizotulea Kanda ya Ziwa

Wakuu, Jumapili tulikuwa na posa hapa Nyamanoro. Washenga wakashusha kreti za bia, mzee wetu akazitazama weee, akauliza: "Kibuyu kiko wapi?" Kwetu Bukoba posa bila rubisi ni maongezi tu. Babu alikuwa anaivisha ndizi shimoni, anazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, kisha anatia unga wa mtama uliokaangwa. Kesho yake inanyweka. Sisi watoto tulikuwa tunavizia kabla mtama haujaingia, utamu wake soda haioni ndani. Nyie kwenu ilikuwaje?

#2 (Magu)
Kwa Wasukuma pombe ilikuwa jembe. Bibi akitaka kulimiwa shamba la pamba, anapika siku kadhaa kabla. Alfajiri majirani hao na majembe yao, wanalima kwa nyimbo, jioni mtungi unafunguliwa. Hela haitajwi. Ila ukiwapikia ya majimaji, mwakani utalima na wanao! Ndiyo maana nacheka nikiona bia inaitwa Balimi, yaani wakulima. Aliyechagua hilo jina alitujua.

#3 (Igoma)
Mimi niseme ukweli, ada yangu imetoka kwenye gongo. Sheria ya pombe ya moshi ya 1966 inataka leseni, mama angeitoa wapi? Madumu aliyafukia kwenye matuta ya viazi. Akikamatwa, shule nasimama mpaka faini ipatikane, na faini yenyewe inatoka kwenye dumu jingine. Sijisifu. Jirani yetu mmoja alipofuka (si kwa gongo ya mama, jamani).

#4 (Ukerewe)
Vijana, mkoloni alitugawa mpaka kwenye glasi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali isimfikie Mwafrika. Mzungu yuko klabuni na wiski yake, marehemu baba akikutwa nayo ni kosa. Uhuru ulipokuja, kukaa barazani na bia ya chupa ikawa heshima, mtungi ukaitwa ushamba. Leo mnautafuta kwenye posa.

#5 (Kirumba)
Na viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, je? Tangu vipigwe marufuku 1 Machi 2017, tingo wangu kanenepa.

Mleta mada
😂😂 #2, bibi alikuwa anapikia mtama au uwele?

#2
Mtama. Uwele wa ugali ule, ungeugusa ungechapwa.