Pumu ukubwani: dakika kumi na daktari, aseme nini?

Mkazi_Temeke: Wakuu, habari za leo. Mtu mzima mwenye pumu, anatumia inhela ya bluu (salbutamol) peke yake, Jumatatu ana kliniki. Kila mara akiulizwa hali anajibu "naendelea vizuri", anaandikiwa inhela nyingine, basi. Safari hii ajiandaeje?

Dawa_na_Dozi: Mkuu, "naendelea vizuri" haimpi daktari cha kufanyia kazi. Aende na hesabu ya wiki 4: dalili za mchana zilizidi mara 2 kwa wiki? Bluu nayo ilizidi mara 2? Aliamshwa usiku na kubanwa? Kuna kazi ilimshinda, mfano kupandisha ndoo ya maji ghorofani? "Ndiyo" 1 au 2, pumu imedhibitiwa nusunusu. 3 au 4, haijadhibitiwa.

Ahesabu na inhela za mwaka mzima. Moja huwa na mivuto 200. Akimaliza 3 au zaidi, hatari ya kushikwa vibaya inapanda. Bluu inalegeza misuli ya njia ya hewa kwa saa chache tu, uvimbe wa ndani inauacha palepale. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haukubali mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Aulize bila woga: "Daktari, mbona sina dawa ya kuzuia uvimbe, ile ya steroidi ya kuvuta?"

Kifua_Huru: Naongezea: abebe inhela yenyewe, avute mbele ya daktari. Wengi hubonyeza kwanza ndipo wavute, dawa inaishia kwenye ulimi na kooni. Itikiswe, atoe pumzi, abane midomo vizuri, aanze kuvuta polepole ndipo abonyeze mara 1, aendelee kuvuta, kisha azuie pumzi kama sekunde 10. Mvuto wa pili asubiri nusu dakika, atikise tena. Kuvuta na kubonyeza vikimshinda kwenda pamoja, aombe spesa (kopo la plastiki linalochomekwa kwenye inhela, dawa ikae humo kabla ya kuvutwa). Akikosa, chupa ya maji ya nusu lita inafaa: toboa kitako, tundu libane inhela pasipitishe hewa, avutie mdomo wa chupa. Steroidi akishavuta asukutue na kuyatema maji, vinginevyo fangasi wa mdomoni.

Dada_Nesi: Ataje dawa zote, hata za dukani. Propranolol ya presha hubana njia ya hewa (asiiache ghafla, amwambie daktari). Aspirini na diklofenaki, dawa za maumivu, huwabana kifua baadhi ya wenye pumu. Ataje jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuwasha. Akibanwa siku za kazi na kupata nafuu za mapumziko, hilo alitangulize.

Mkazi_Temeke: Asanteni sana. Akibanwa usiku je?

Dada_Nesi: Aombe mpango wa maandishi wa kufuata akibanwa, kabla hajatoka chumba cha daktari. Akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikibadilika rangi, ni hospitali saa hiyohiyo. Bluu mivuto 4 hadi 10 kwa spesa, kila dakika 20, akiwa njiani. Asikae nyumbani kusubiri ifanye kazi.