Mjadala: Fedha za vyuo vyetu ziende kutafuta wanafunzi wapya au kuwabakisha waliomo?

Mleta hoja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila msimu wa udahili ukikaribia, vyuo vikuu vya hapa Zanzibar huingia gharama ya kutafuta waombaji kwa maonesho, matangazo ya redio na ziara za skuli za sekondari. Nchi hii ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, lakini chuo kikuu chake cha taifa, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha 2001, kwa hiyo hamu ya kujaza madarasa inaeleweka. Hata hivyo naona kwamba chuo kikipata fedha ya ziada, wa kwanza kufikiriwa awe mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa ambaye yuko mbioni kuondoka, kabla ya yule ambaye bado hajaomba.

Wanaoondoka hatuwajui vizuri kwa sababu ya namna wanavyoondoka. Nimewahi kukaa katika kamati ya kupitia maombi ya kuahirisha masomo, na fomu nyingi zilikuwa na maneno yale yale: "sababu za kifamilia". Ukimwita mwombaji faraghani, ukazungumza naye kwanza habari za nyumbani, mwisho atakwambia kuwa baba yake ni mvuvi na kusi imewazuia kwenda baharini, au kuwa anadaiwa kodi ya chumba, au kuwa anatoka Bumbwini kila siku kwa daladala mbili mpaka Tunguu, iliko kampasi ya SUZA, na nauli imemshinda. Hakuna atakayeandika "sina nauli" kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa makarani kadhaa. Watu wetu wanapenda sitara, na mimi siioni kuwa ni kasoro, lakini inakifanya chuo kiamini kuwa kimempoteza kijana kwa mambo ya kwao yasiyokihusu, kumbe kimempoteza kwa deni ambalo kingeweza kulibeba kwa muhula mmoja.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, imewafaa wengi na haifai kubezwa. Lakini mkopo una masharti yake na una wakati wake, na shida ya mwanafunzi haisubiri mgao.

Mfano ninaouona wa maana unatoka New York, ambako chuo kikuu cha jiji, CUNY, kilianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP kwa vyuo vyake vya miaka miwili. Mwanafunzi alifidiwa pengo la ada lililobaki baada ya misaada mingine, akapewa kadi ya usafiri na msaada wa vitabu, na akawa na mshauri mwenye wanafunzi wachache wa kuwafuatilia, kwa sharti kwamba asajiliwe kwa masomo ya muda kamili, si ya muda wa ziada. Wanafunzi waligawiwa kwa kura, wengine wakaingia katika mpango na wengine wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliokuwa ndani ya mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Gharama kwa kila mwanafunzi ilizidi kwa zaidi ya asilimia 60, na bado gharama kwa kila aliyehitimu ilikuwa ndogo zaidi, kwa kuwa waliomaliza walikuwa wengi.

Kwa hiyo napendekeza kila chuo kitenge sehemu ya mapato yake ya ndani kwa mfuko wa dharura unaotoa jibu kwa siku chache, na majina ya wanaosaidiwa yasibandikwe popote.

Mchangiaji kutoka Wete, Pemba

Waalaykum salaam. Nimekusoma kwa makini, maalim, na nakubaliana nawe kuhusu fomu. Nisichokubali ni mpangilio wako wa nani aanze.

Wewe unamzungumzia aliyekwisha fika Tunguu. Huku kwetu kuna binti wa Micheweni aliyepasi kidato cha sita, ambaye wazee wake hawajawahi kuona mtu wa ukoo wao akisoma chuo, na ambaye kozi anayoitaka ipo Unguja peke yake. Kwao kumpeleka ni kumpandisha boti Mkoani na kumkabidhi kwa watu wasiowajua. Ziara unazozihesabu kuwa gharama ndizo zinazomkalisha mzee huyo na mwalimu wa kike kutoka chuoni, akaelezwa dakhalia, yaani bweni, ikoje na nani ana ufunguo wa lango. Ukizipunguza, utabaki na wanafunzi wa mjini waliomaliza vizuri, na takwimu zako za kuhitimu zitapendeza.

Pili, fedha unayotaka itengwe ni ada ya wengine. Mzazi anayeuza samaki Malindi, mjini Unguja, ili alipe kwa wakati atauliza kwa nini sehemu ya jasho lake imsaidie asiyelipa.

Tatu, hata hao Wazungu hawakubaliani. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2004, iliunda ofisi ya kusimamia fursa ya kuingia vyuoni, na chuo kilichotaka kutoza ada ya juu kilipaswa kwanza kuahidi kitafanya nini kwa ajili ya wanafunzi wa familia duni. Ada ya juu ilifika pauni 9,000 mwaka 2012. Vyuo vilitumia fedha nyingi kuwapa wanafunzi ruzuku, na mwaka 2014 ofisi hiyo hiyo ikatoa uchunguzi ulioonesha kuwa ruzuku za vyuo hazikuwa na athari inayopimika kwa wanafunzi kuendelea na masomo. Sasa sisi tunakimbilia wapi?

Mleta hoja

Hoja ya binti wa Micheweni ni nzito, na nisingependa ziara za namna hiyo zipunguzwe hata moja. Ninachotaka kipunguzwe ni mabango na mabanda ya maonesho, ambayo humfikia yule yule aliyekwisha amua kuomba. Wala usisahau kuwa binti huyo akirudi nyumbani mwaka wa pili bila cheti, mzee wa jirani hatamtoa wa kwake.

Kuhusu Uingereza, ruzuku zile zilitolewa kwa kipato cha mzazi, kwa mwanafunzi ambaye tayari alikuwa na mkopo wa ada na wa kujikimu, awe na shida siku hiyo au asiwe nayo. Kumwongezea aliyekwisha pata si sawa na kumshika anayeanguka. Mfano ulio karibu na tunachokijadili ni wa Georgia State University ya Atlanta, Marekani, ambayo tangu 2011 humlipia mwanafunzi aliyebakiwa na deni dogo kabla hajafutwa kwenye orodha ya masomo.

Swali lako la mzazi wa Malindi sina jibu lake kamili. Naweza kusema tu kwamba kiti kilichoachwa wazi mwaka wa pili hakilipiwi na mtu, na mhadhiri analipwa vile vile, kwa hiyo chuo hupoteza ada ya miaka iliyobaki pia.

Mchangiaji wa tatu

Naandika kama mtu wa hesabu. Mfuko ukiwa wa kutoa bure, wote watachelewesha ada makusudi ifikapo Novemba. Uwe wa kukopesha bila riba, urejeshwe ndani ya mwaka, na mwanafunzi asizuiwe mtihani wakati deni lake liko chini ya kiwango kitakachotangazwa.

Lakini kabla ya mfuko, mbona hakuna aliyegusa tarehe za malipo? Familia nyingi za Pemba hupata fedha kubwa mara moja, karafuu zinapouzwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Ada inadaiwa kwa kalenda ya mtu wa mshahara. Chuo kinaweza kumruhusu mzazi wa namna hiyo apange awamu zake kwa maandishi, mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa wake, na kazi hiyo haihitaji bajeti mpya. Ningependa kusikia kutoka kwa walio katika ofisi za fedha za vyuo: kikwazo ni kanuni, au ni mfumo wa kompyuta tu?