Naomba ushauri: shabaha ya leza angani, kilomita 10,000

Assalamu aleikum jamaa. Hapa Malindi, jirani na jukwaa la San Marco ilikorushwa setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, tunaandika programu ya kuiga vita vya angani, na hesabu ya shabaha imetukwamisha.

Leza ina urefu wa wimbi wa maikromita 1, na kioo chake cha kulengea kina upana wa mita 2. Kwa kilomita 10,000 mwali umeshatanuka, doa lina upana wa mita 12 hivi. Kioo cha mita 4 kingelipunguza hadi 6, nguvu kwa kila mita ya mraba ikapanda mara nne. Lakini mtetemo wa maikroradiani 1 tu (pembe ya sehemu moja ya milioni ya radiani), kutoka pampu za kupozea au magurudumu ya kugeuzia chombo, unasogeza doa mita 10! Basi kioo kikubwa kitafaa nini?

Adui kukwepa si neno hapa: nuru huenda na kurudi kwa sekunde 0.067, na kwa mchapuko wa 10 m/s² atasogea sentimita 2 tu. Hata kwa kilomita 300,000 ni mita 20, na huko doa limeshatanuka hadi mita 360 hivi.

Wajuzi, mtetemo tuuige kwa kubahatisha tu, au kwa hezi (mitetemo kwa sekunde) za kila pampu? Na kile kioo kidogo cha kusahihisha mwali, kinachogeuka haraka kufuta mtetemo, tukipe hezi ngapi?