Mabomu ya makaburu yalivunjwa kwa hiari ya nani?

Zikitajwa silaha za nyuklia, hakosekani mtu wa kuisifu Afrika Kusini kuwa nchi iliyojitengenezea mabomu kisha ikayavunja kwa hiari. Ni kweli yalivunjwa. Hiari ilikuwa ya nani? Hapo ndipo nataka tubishane.

Mwaka 1977 satelaiti ya Umoja wa Kisovieti iliona mashimo ya majaribio yaliyochimbwa Kalahari. Wanajeshi wa Cuba walikuwa wameshaingia Angola kwa maelfu na Pretoria ilikuwa imetengwa. Makaburu wakaendelea kimyakimya mpaka wakawa na mabomu sita, na la saba wakiliunda. Desemba 1988 yakasainiwa makubaliano ya New York: Wacuba waondoke Angola, Namibia ipate uhuru. Wanaosema bomu lilikosa kazi tishio lilipoondoka wana hoja nzito. Rais wa makaburu wakati huo, F. W. de Klerk, mwenyewe alijieleza hivyo bungeni Machi 1993, alipoitoa siri hiyo hadharani.

Mimi hainitoshi. Amri ya kuyavunja ilitoka Februari 1990, mwezi uleule Mandela alipotoka gerezani. Michoro na nyaraka za mradi nazo ziliteketezwa, na wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki wakaja kuhakiki kazi ikiwa imekwisha. Kama hofu ilikuwa Wacuba tu, haraka yote hiyo ya nini? Naona walijua nani anakuja kutawala na hawakutaka akute kitu.

Lipo linalopingana nami, na silifichi: urani iliyorutubishwa, yaani kiini cha mabomu hayo, haikuharibiwa. Iliyeyushwa, ikawekwa Pelindaba, kituo cha nyuklia karibu na Pretoria, chini ya ukaguzi, na serikali ya ANC, chama cha Mandela, ikairithi 1994. Lakini hapohapo ndipo ninapoiona hiari yenyewe. ANC walikuwa na urani, na wanasayansi walioijua kazi walikuwa bado hai. Hawakuunda bomu. Aprili 1996 wakasaini Cairo, pamoja na nchi nyingine za Afrika, mkataba wa kulifanya bara hili eneo lisilo na silaha za nyuklia, jambo ambalo OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, ililidai tangu 1964, baada ya Ufaransa kulipua mabomu yake Sahara. Mkataba huo unaitwa Pelindaba.

Sasa anayempa de Klerk sifa zote anijibu: aliyevunja bomu akijua madaraka yanamtoka, na aliyeshika madaraka na urani mkononi akakataa kuliunda, nani kati yao aliyeacha silaha?