Tupeane uzoefu: mliowahi kuweka hela kwenye kasino ya nje inayojengwa

Mwanzisha mada: Wakuu, kuna rafiki yangu wa karibu kabisa ananivuta tununue hisa za kasino huko kisiwani. Jengo bado, leseni eti "iko njiani". Hilo neno limeninyima usingizi. Waliopita huko mniambie ukweli.

Kibindo: Kasino haipotezi mkuu, hesabu za meza zote ziko upande wake. Ingia mapema.

Mama Subira: Kibindo usimponze mwenzio. Inayopata ni kasino iliyofunguliwa na ina watu ndani. Mimi aliniletea shemeji, picha za kompyuta nzuri balaa, miezi mitatu ya kwanza gawio likaja bila kuchelewa, nami kwa tamaa nikaongeza na hela ya mama aliyouza shamba, sikujua kumbe tunalipwa kwa hela za walioingia nyuma yetu maana jengo lenyewe hata msingi halina, siku barua ya mfilisi inafika mama yuko sebuleni ananiomba nimsomee, nikasoma kwamba wa kwanza kulipwa ni benki, wenye hisa mwisho kama kitabaki kitu. Mama akaniuliza, "Kasino ni nini?" Sikuwahi kumwambia. Mpaka leo nikikumbuka lile swali natetemeka.

Tausi: Pole dada. Kwangu pia ilikuwa shemeji.

Ustaadhi: Hela ya kamari haina baraka, mjadala ufungwe.

Kibindo: Ustaadhi, kaulizia biashara huyu.

Ustaadhi: Na mimi nimejibu biashara.

Mzee wa Hesabu: Acheni kugombana. Kibindo, tafuta habari za kasino ya Revel pale Atlantic City, Marekani. Ilifunguliwa 2012 kwa gharama ya dola bilioni 2.4, ikafungwa 2014, mwaka uliofuata ikauzwa dola milioni 82. Na hiyo ilikuwa na leseni, meza, wateja, kila kitu! Fontainebleau ya Las Vegas nayo ujenzi ulisimama 2009, imekuja kufungua Desemba 2023. Nani ana subira ya miaka 14?

Kibindo: Baha Mar ya Bahamas ilifilisika 2015 na 2017 ikafunguliwa.

Mzee wa Hesabu: Ikiwa mikononi mwa nani? Aliyeianzisha alikuwa ameshaipoteza.

Safari Ndefu: Mimi nilipanda ndege nikaenda kuona kwa macho. Nimekuta uzio wa mabati, bango limepauka, na mlinzi mmoja kakaa kwenye ndoo. Aliponiona akasimama mbio akidhani nimeleta mshahara wake, miezi mitano hajalipwa. Nikakosa hata la kumwambia.

Tausi: Ee Mungu. Sasa alikuwa anakula nini?

Mama Subira: Ulimwachia chochote?

Safari Ndefu: Nilimpa hela niliyobakiza ya teksi, nikatembea mpaka hotelini.

Mzee wa Hesabu: Mwanzisha mada, omba namba ya leseni, kisha uiulize mwenyewe kwa mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya nchi hiyo. Usipokee karatasi ya kutumiwa kwenye simu.

Kibindo: Au weka kidogo tu, ile ambayo ikipotea hulii.

Mama Subira: Hata kidogo usiweke!

Mwanzisha mada: Nimemwomba rafiki namba ya leseni tangu asubuhi. Ameisoma meseji, kimya.

Tausi: Safari Ndefu, yule mlinzi alikuja kulipwa?