Jino la Baba Mdogo

*Ijumaa, saa 1:20 asubuhi*

Shangazi: Jamani mmeamka? Tuko hospitali ya rufaa tangu saa 8 usiku. Mdogo wangu yuko ICU. Ni lile jino.

Kaka: Shikamoo shangazi. Jino ndiyo ICU?? Juzi nimeongea naye, akasema anakunywa dawa.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Jana jioni chini ya kidevu kulivimba pande zote mbili, ukigusa pagumu kama ubao. Ulimi umenyanyuka hadi mdomo haufungi, mate yanamtoka, anaongea kama ana tonge mdomoni. Akilala pumzi inakata. Kwenye gari nilimshikilia akae, ameinamia mbele njia nzima.

Mama: Ya Rabi! Pole wifi yangu. Si alikwenda duka la dawa?

Shangazi: Wiki nzima amoksilini na diklofenaki. Akaambiwa jino likivimba haling'olewi, asubiri uvimbe ushuke. Naye akasubiri.

Binamu Nesi: Shikamooni. Maneno hayo ndiyo yanatujazia wodi 😢 Jino bovu hung'olewa hata kama pamevimba. Vidonge peke yake havimalizi usaha uliojikusanya, na jino likibaki pale ndilo linaloulisha. Diklofenaki imetuliza maumivu, akadhani anapona. Wamesema ni Ludwig?

Shangazi: Hilohilo, limeandikwa kwenye faili.

Binamu Nesi: Ni jina la daktari Mjerumani aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1836. Mizizi ya magego ya chini, yale ya nyuma kabisa, inapita chini ya msuli ulioshika sakafu ya mdomo. Uchafu ukitokea hapo unashuka shingoni. Kabla ya antibayotiki zaidi ya nusu ya wagonjwa walikufa, wengi kwa kuzibwa hewa. Njia ya hewa wameiwekaje?

Shangazi: Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja tu. Wakamtoboa shingoni kwa ganzi, akiwa macho, amekaa. Nimetia saini mkono unatetemeka. Ndipo wakamlaza usingizi, wakapasua chini ya taya huku na huku. Nilidhani utatoka usaha mwingi, kumbe daktari anasema ni maji ya kahawia, harufu yake kali. Gego wameling'oa hapohapo. Kwenye vidonda wameacha vipande vya mpira ili uchafu uendelee kutoka. Sasa ni dripu na antibayotiki, seftriaksoni na metronidazo.

Binamu Nesi: Alhamdulillah, wamefanya inavyotakiwa. Sukari wamepima?

Shangazi: 17. Hakuna aliyejua kama ana kisukari. Wameanza insulini.

Binamu Nesi: Basi ndiyo maana ugonjwa umekimbia hivyo.

Mama: Nilete uji?

Binamu Nesi: Mama usimpe kitu mdomoni, hata maji, mpaka waruhusu. Watamlisha kwa mpira wa puani.

Kaka: Anaongea?

Shangazi: Kwa huo mrija wa hewa waliomwekea shingoni hawezi. Nimempa daftari la mtoto na kalamu. Kaandika "Bibi asiambiwe".

Mama: Bibi yuko hapa pembeni yangu, nimemsomea yote. Yuko kwenye mswala. Halafu wifi, huyu binti yangu gego linamuuma tangu Idi, nikawa nampa panadol. Leo haendi shule, saa 2 tuko kliniki ya meno.

Binamu Nesi: Nendeni. Wakisema ling'olewe, msirudi nalo.

Shangazi: Kaandika tena. Anauliza mbuzi wamefunguliwa?

Kaka: Mwambie ndiyo nafungua banda sasa hivi.