Fanicha za marehemu bibi: niuze, nigawe au nitupe?

MjukuuWaBombo
Wadau, salaam. Bibi alitutoka mwaka jana na mwenye nyumba hapa Bombo, Uganda, anataka nyumba yake mwisho wa mwezi. Mimi nimepanga vyumba viwili Kireka, vimeshajaa. Kuna kabati la mbao, jeusi, zito mpaka wanaume wanne wanahema. Kuna sofa seti ambayo springi zimetoboa kitambaa, vitanda vya chuma, magodoro, na meza ya tivii ya chipibodi iliyovimba miguu kwa kupigiwa deki. Dalali amepita, akabofyabofya kila kitu, akasema laki tatu kwa vyote na kanta, lori dogo la kubebea, analeta yeye. Shangazi anasema nichukue hela nishukuru Mungu. Roho inasita. Mngefanyaje?

Fundi_Nsambya
Pole na msiba. Laki tatu iache kwanza. Chomoa droo moja, igeuze, kwangua kwa kisu mahali pasipo vanishi. Ukikuta mbao ngumu, hudhurungi yenye kung'aa kidogo kama dhahabu, huenda ni mvule, na dalali kaja kwa ajili ya hilo kabati tu. Hivyo vingine anakusaidia kubeba. Mvule wa zamani umeshakauka, haupindi, na mchwa hawauwezi. Siku hizi sisi huku barabara ya Ggaba tunaletewa mikaratusi mibichi, unapiga vanishi leo, kesho mlango haufungi.

Atakayenunua asiguse nyundo. Makabati ya enzi hizo mengi yameungwa kwa ndimi za mbao zinazoingia kwenye matundu, ukigonga taratibu kwa kipande cha mbao yanaachia bila kupasuka. Sofa nipigie picha ya chini, siyo ya kitambaa. Fremu ikiwa nzima tunaongea, nakutengenezea nyingine unaongezea pesa. Ikiwa dumuzi wamekula, hizo ni kuni.

MamaShadia
Wanaume mnaongea mbao tu. Magodoro je? Mwanangu, kabla hujampa mtu, pitisha tochi kwenye mishono na kwenye maungio ya vitanda. Ukiona vidoti vyeusi, ni kunguni, na kunguni anakaa miezi bila kula akikusubiri. Kuanika juani peke yake hakutoshi. Mimi nilipewa godoro la "msaada", nikaishia kumwita mpuliza dawa nyumba nzima. Likiwa na kunguni, lichane kabisa, vijana wa taka wasije wakaliuza.

Na hiyo meza ya chipibodi msiipikie! Ile gundi ina kemikali, moshi wake si wa kuvuta. Wala usiitupe mtaroni. Tuliona kwenye dampo la Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, taka ziliporomoka zikafukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Mpe jirani mwenye kuku, akate viota.

Kijana_wa_Katwe
Vitanda usimpe wa vyuma chakavu, atakupimia kilo. Kama vinasimama, tafuta mchomeleaji. Anapiga msasa, anapaka rangi, anauza kama vipya.

MjukuuWaBombo
Asanteni sana. Mama Shadia, tochi nimepitisha, vidoti vipo kwenye godoro moja, nalichana kesho. Fundi, nimekwangua droo: rangi ni hiyohiyo. Dalali nimemwambia kabati halimo, akakata simu hata sofa hakuuliza. Tatizo jipya ni shangazi. Tangu asikie neno mvule, anasema bibi alimwachia yeye.